Matokeo ya upasuaji wa taya hayajakuridhisha? Fuata hatua hizi kabla hujakubali kukatwa mara ya pili

Wapo watu wengi tu ambao wamevaa bresi (nyaya za kupanga meno) mwaka na zaidi, wakafanyiwa upasuaji wa taya, yaani mfupa wa taya kukatwa na kusogezwa, wakaishi kwa vyakula vya majimaji wiki kadhaa, na uvimbe ulipoisha wakakuta kitu ambacho sicho walichokubaliana na daktari. Meno ya mbele hayagusani, au kidevu kimelala upande mmoja, au ukicheka ufizi unaonekana zaidi upande wa kulia kuliko kushoto, au taya ilikaa vizuri miezi ya mwanzo alafu taratibu ikaanza kurudi ilikotoka. Na wapo ambao kliniki wanaambiwa kila kitu kimekaa sawa ila wao wakijiangalia kwenye kioo hawajioni. Wote hawa wazo la kwanza linakuwa lile lile, nitafute daktari mwingine anirekebishe haraka.

Naielewa kabisa hiyo haraka. Ila nakuomba usikubali kulala tena kwenye kitanda cha upasuaji mpaka uwe umepata jibu la swali moja: ile ya kwanza haikutoka vizuri kwa sababu gani? Marudio yakifanywa bila sababu kujulikana yanaweza kukurudisha pale pale, na safari hii ukiwa na makovu zaidi na neva ambazo zimeguswa mara mbili. Hatua zote hapa chini zinalenga hilo jibu, na nyingine unaweza kuanza leo ukiwa nyumbani.

Hatua ya 1: Hesabu uko wiki ya ngapi

Uso wa baada ya upasuaji wa taya unadanganya sana. Wiki 2 mpaka 3 za kwanza uvimbe mwingi unashuka, mtu anadhani umeisha, kumbe unaobaki unachukua miezi, wengi mpaka mwezi wa 6 na wengine karibu mwaka mzima, na haushuki sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo shavu moja kuwa kubwa kuliko jingine mwezi wa pili bado sio ushahidi wa chochote. Mdomo wa juu unakuwa mgumu, kucheka kunakuwa kwa shida, pua inaonekana pana. Mfupa nao unaanza kushikana vizuri kwenye wiki 6 mpaka 8 na unaendelea kujijenga ndani kwa ndani muda mrefu baada ya hapo. Ganzi ya mdomo wa chini na kidevu ndio inachelewa kuliko vyote, inaweza kuendelea kupungua mpaka mwaka na hata mwaka na nusu.

Ndio maana tatizo likiwa la sura madaktari wengi watakwambia usubiri angalau miezi 6, na mara nyingi mwaka, ndio mpange marudio. Daktari anayekubali kukukata tena kwa ajili ya muonekano tu ukiwa mwezi wa tatu, mi ningemkimbia.

Ila kuna mambo hayasubiri hata kidogo. Taya inacheza pale ilipokatwa ukiuma, usaha au harufu mbaya inatoka kwenye mshono, homa, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, damu ya pua inayotoka kwa wingi hata kama imepita wiki, kupumua kwa shida, au ufizi wa juu kubadilika rangi ukawa mweupe sana au wa zambarau au mweusi. Hapo unawasiliana na waliokupasua siku hiyo hiyo, na kama hupumui vizuri unakimbilia hospitali iliyo karibu. Na jingine ambalo watu wanalichukulia poa, ukitolewa raba (vile vimpira vinavyofungwa kati ya meno ya juu na ya chini) siku za mwanzo ukaona meno yanakutana tofauti kabisa na mlivyokubaliana, sema mapema. Mfupa ukiwa bado haujashika kuna wakati inawezekana kurudi na kuuweka sawa, wakati ukivumilia miezi mitatu na raba, raba zinavuta meno tu, mfupa haziusogezi, na mwisho wake meno yanafunika kosa lililoko chini.

Hatua ya 2: Andika tatizo, moja moja

Ukienda kwa daktari ukamwambia "sijapenda nilivyotoka" hana pa kuanzia. Chukua karatasi uandike kila kitu peke yake. Kutafuna: meno gani yanagusana na gani hayagusani. Kupumua, mchana na usiku. Kuongea, herufi zipi zinakusumbua. Maumivu, yako wapi na yanakuja saa ngapi. Kiungo cha taya mbele ya sikio kama kinalia au kinakwama. Ganzi. Alafu sura, na hapa uwe mkweli, andika ni kitu gani hasa na unakiona kutoka upande gani.

Kuna vipimo vya nyumbani ambavyo havichukui nafasi ya hospitali ila vinakusaidia kuongea kwa uhakika. Kuangalia kama taya ya juu imelala, chukua kile kijiti bapa cha mbao ambacho madaktari wanakandamizia ulimi, king'ate kikiwa kimekaa kwa upana, meno chonge ya pande zote mbili yakikishika, alafu mtu asimame mbele yako akupige picha kichwa kikiwa kimenyooka. Sasa linganisha ule mstari wa kijiti na mstari unaounganisha mboni za macho. Kijiti kikishuka upande mmoja una kitu cha kumuonyesha daktari. Angalia tu kwamba macho ya watu wengi hayako sawa kwa asilimia mia, kwa hiyo tofauti ndogo sana usiitie moyoni.

Meno ya nyuma yapime kwa ukanda mwembamba wa karatasi, ung'ate kwa kawaida alafu mwambie mtu auvute taratibu, pale unapochomoka bila kushikwa meno hayagusani. Ganzi ipime kwa pamba iliyosokotwa ncha, wewe ukiwa umefumba macho, mwenzako aguse kuanzia panapohisi kwenda pasipohisi, na pale hisia inapokatika aweke alama ya kalamu kwenye ngozi. Piga picha. Rudia kila mwezi. Ramani hiyo ikiendelea kuwa ndogo, neva bado inapona, na hiyo peke yake inaweza kubadilisha uamuzi wako wote.

Kuhusu picha, achana na selfi. Simu ikiwa karibu na uso inakuza kilicho karibu nayo, pua na mdomo vinakuwa vikubwa, masikio yanakimbilia nyuma, na simu nyingine zinageuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo unaona uso ambao haupo. Mtu mwingine akupige akiwa mita moja na nusu mpaka mbili, akuvute kwa zumu, nywele zikiwa nyuma, midomo imelegea, meno yamegusana kidogo. Mbele, pembeni kulia, pembeni kushoto, na ukicheka. Mwanga ule ule kila mwezi. Filta hapana.

Hatua ya 3: Chukua faili lako lote

Hii ndio hatua ambayo naiona nzito kuliko zote na ndio watu wengi wanairuka. Omba nakala ya kila kitu: eksirei na skani za kabla ya upasuaji, mpango wa upasuaji ulioonyesha mifupa inasogezwa milimita ngapi na kwenda wapi, maelezo ambayo daktari aliandika baada ya kutoka chumba cha upasuaji, modeli za meno, picha zako za zamani, na eksirei au skani iliyopigwa siku au wiki za mwanzo baada ya upasuaji. Skani uombe zenyewe kwenye sidii au flashi, karatasi ya majibu peke yake haitoshi, daktari wa pili atataka kuzigeuza mwenyewe kwenye kompyuta. Sehemu nyingi ni haki ya mgonjwa kupata nakala, na wala haimaanishi unaenda kumshtaki mtu, omba kwa heshima na kwa maandishi.

Kwa nini nakazania hivi? Kwa sababu ukiwa na picha za nyakati tatu, yaani kabla, mara tu baada, na sasa hivi, zikawekwa juu ya nyingine kwenye kompyuta, jibu la kilichokwenda vibaya linaanza kuonekana lenyewe.

Kama picha ya mara tu baada ya upasuaji inafanana na mpango, ila ya leo imehama, basi oparesheni ilifanyika kama ilivyopangwa na taya ikarudi baadaye. Hapo adui ni kitu kinachosukuma mfupa au kinachoula, na kukata tena bila kukijua ni kujipa hasara.

Kama picha ya mara tu baada haifanani na mpango kuanzia siku ile, basi mfupa haukufika ulipotakiwa. Inatokea. Mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa misuli yote imelegea, na kile kichwa cha taya kinachoingia kwenye kishimo chake mbele ya sikio kikiwa hakijakaa vizuri wakati vyuma (vibao na skrubu za kushikilia mfupa) vinafungwa, mgonjwa akiamka misuli ikishika kinarudi mahali pake na taya nzima inafuata, meno ya mbele yanaachia. Hii kwa kawaida inajionyesha siku au wiki za mwanzo. Pengine pia vyuma vimelegea, au mfupa ulipasuka vibaya wakati wa kukata.

Na kama picha ya mara tu baada inafanana na mpango, ya leo nayo inafanana, na bado hujaridhika, basi tuangalie mpango wenyewe. Mara nyingi utakuta meno hayakuwa yamepangwa vya kutosha na bresi kabla ya siku ya upasuaji, kwa hiyo daktari hakuwa na nafasi ya kusogeza mfupa kiasi kilichotakiwa, akasogeza pale meno yaliporuhusu. Au mpango ulilenga meno yakutane tu na sura ikafuata nyuma. Au wewe na daktari hamkuwahi kukaa mkaelewana unataka nini. Marudio ya namna hii huwa yanaanza upya na bresi, miezi mingi, ndio upasuaji unakuja, kwa hiyo mtu akikwambia wiki ijayo tunamaliza jiulize anapanga nini.

Kama hospitali haikupiga picha yoyote siku za mwanzo, usikate tamaa, maelezo ya upasuaji na picha zako za simu za miezi ya mwanzo zenye tarehe zinasaidia kujua ni lini mabadiliko yalianza.

Hatua ya 4: Kama taya imerudi, kiungo kikaguliwe kwanza

Kuna mienendo inajulikana kuwa migumu kubaki. Kutanua taya ya juu kwa upana ni kati ya zinazorudi zaidi, wakati kuipandisha taya ya juu huwa inatulia vizuri. Kuvuta taya ya chini mbele kwa umbali mkubwa nako kuna hatari ya kurudi, hasa pale inapozungushwa vibaya misuli ikabaki inaivuta. Kwa hiyo kurudi milimita moja mbili sio ajabu, na saa nyingine bresi zinatosha kulimaliza tatizo.

Kinachonitisha ni kurudi polepole kwa miezi, kidevu kinaingia ndani, meno ya mbele yanazidi kuachia, na mwenyewe anaambiwa huvai raba vizuri. Hapo lazima mtu aangalie vichwa vya taya, maana kuna hali ambayo vinalika na kupungua urefu. Wanaopata zaidi ni wanawake vijana, hasa ambao taya yao ya chini ilikuwa ndogo na imerudi nyuma tangu mwanzo, na mzigo mpya unaokuja kwenye kiungo baada ya upasuaji unaweza kuiamsha. Wengine chanzo ni baridi yabisi ambayo haijawahi kupimwa. Dalili inaweza kuwa maumivu na kulia kwa kiungo, au isiwe na dalili yoyote ya maumivu zaidi ya meno kubadilika.

Omba skani ya CT ya viungo vyote viwili ilinganishwe na ya kabla ya upasuaji, MRI ya kiungo kama kuna shaka ya kile kisahani laini cha katikati, na damu ipimwe magonjwa ya baridi yabisi. Saa nyingine wanafanya skani ya mifupa ya dawa ya mionzi kuona kama kichwa cha taya bado kinachemka au kimetulia. Kikiwa bado kinalika, kukata taya tena ni kujenga juu ya msingi unaotitia, taya itarudi tena. Kinachofanyika ni kutuliza kwanza, kwa dawa kama kuna ugonjwa wa mwili, kwa splinti ya kuvaa kwenye meno, kwa muda, na madaktari wengi wanataka waone mwaka mzima bila mabadiliko ndio wapange. Kiungo kikiwa kimeharibika kabisa, kuna kubadilishiwa kiungo chote kwa cha bandia, na kwa watu hao hiyo inaweza kuwa tiba yenye kutulia kuliko kurudia kukata mfupa.

Upo pia upande wa pili wake, kichwa cha taya cha upande mmoja kinaendelea kukua wakati kingine kimesimama, na kidevu kinasukumwa kwenda upande mwingine mwaka hadi mwaka. Kama kidevu chako kinazidi kuhama, hilo nalo liulizwe.

Hatua ya 5: Tafuta tiba ndogo kabla ya kubwa

Sio kila kasoro inahitaji kukatwa taya upya. Pua ikitanuka au ikapinda baada ya taya ya juu kusogezwa, hiyo ni kazi ya pua, inarekebishwa kwa upasuaji wa pua. Meno yanakutana vizuri ila kidevu ndio kifupi au kimehama? Kinaweza kukatwa na kusogezwa kidevu peke yake, kwa mshono wa ndani ya mdomo, sehemu nyingine ya taya haiguswi. Pembe za taya hazilingani, kuna vipandikizi vinavyotengenezwa kwa kipimo cha mtu mwenyewe, au mafuta ya mwili yanayohamishwa, au fila (sindano ya kujaza chini ya ngozi) kwa mtu anayetaka kujaribu kwanza aone maana fila zile za kawaida zinayeyuka baadaye. Chuma kinashikika chini ya ngozi, kinauma kwenye baridi, au kimepata maambukizi, kinatolewa tu mfupa ukishapona. Meno machache hayakutani vizuri, bresi au kusawazisha meno kunatosha.

Ganzi yenyewe, na hili niseme wazi kwa sababu watu wanaumizwa nalo, haiponi kwa kusogezewa taya tena. Inaweza kuongezeka. Kama ganzi ndio inayokusumbua kuliko vyote, muone mtu wa neva mapema, tena kama una maumivu ya kuungua au ya shoti za umeme usisubiri mwaka upite, maana zipo dawa za maumivu ya neva na neva ikiwa imekatika marekebisho yake yana muda wake.

Kupumua kuna kipimo chake. Ukikoroma sana, unaamka umechoka, au anayelala karibu yako anasema pumzi inakatika, fanya kipimo cha usingizi. Wanahesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua: chini ya 5 ni kawaida kwa mtu mzima, 5 mpaka 15 ni kidogo, 15 mpaka 30 ni wastani, kuanzia 30 ni kali. Taya ya chini ikirudishwa nyuma sana njia ya hewa inaweza kuwa nyembamba, na hii ni moja ya sababu ambazo marudio yanakuwa na maana kweli kweli. Bima nazo, pale zinapogharamia, zinasikiliza zaidi tatizo la kutafuna na kupumua lililopimwa kuliko malalamiko ya sura.

Hatua ya 6: Rudi kwa wa kwanza, alafu nenda kwa wengine wawili

Najua kuna hasira. Ila daktari aliyekupasua ndiye pekee aliyeona mfupa wako kwa macho, anajua ulikatika vipi, neva ilionekana au haikuonekana, damu ilitoka kiasi gani. Nenda na karatasi yako ya hatua ya 2, nenda na mtu wa kukusikilizia, muulize kwa utulivu yeye mwenyewe anaona nini na anadhani sababu ni ipi. Daktari mzuri hatachukia ukitaka maoni ya mwingine, na wengine watakusaidia kutuma faili.

Baada ya hapo tafuta madaktari bingwa wawili wa upasuaji wa kinywa na taya ambao wanafanya marudio mara kwa mara, na mtaalamu wa kupanga meno asiyefungamana nao. Wape faili kabla ya siku ya kukutana. Na usiwaambie yule mwingine alisema nini mpaka wamalize kutoa maoni yao, hii inasaidia sana, maana wawili wakifika kwenye sababu moja bila kuambiana unaweza kuiamini zaidi. Wakitofautiana kabisa, mmoja anasema mpango na mwingine anasema kiungo, bado hujafika muda wa kukata.

Maswali ambayo mi ningetoka nayo yote yamejibiwa: sababu ni ipi na unaionyesha kwenye picha gani? Umefanya marudio kama haya mara ngapi na waliotoka vibaya walitoka vibaya vipi? Unasogeza mfupa upi, milimita ngapi, kwenda wapi? Nini hakitabadilika hata tukifanya? Kuna njia ndogo kuliko hii na kwa nini huipendi? Nikiamua kutofanya chochote, miaka mitano ijayo itakuwaje? Hilo la mwisho lina uzito, maana kasoro ambayo haizidi kuharibika inakupa muda wote duniani wa kufikiri, wakati mfupa usioshika au kiungo kinacholika hakikupi.

Anayekuahidi utatoka kama picha ya kwenye kompyuta, ondoka. Mipango ya kompyuta inapanga mfupa kwa usahihi mkubwa siku hizi, ila jinsi ngozi na midomo itakavyolala juu yake ni makadirio.

Hatua ya 7: Jua marudio yana ugumu gani

Taya ya juu inakatwa juu ya mizizi ya meno na kushushwa, na tangu hapo inaishi kwa damu inayotoka kwenye kaakaa na nyama za mashavuni. Mara ya pili makovu yanakuwepo kwenye njia hiyo hiyo, kwa hiyo daktari lazima awe mwangalifu zaidi, hasa akitaka kuikata vipande. Sehemu ya mfupa kufa ni nadra ila inajulikana, na anayevuta sigara anajiongezea hatari hiyo mwenyewe. Taya ya chini inapasuliwa kwa urefu pande zote mbili, na neva ya mdomo na kidevu inapita katikati humo humo, mara ya pili inaweza kuwa imeshikamana na kovu au na mfupa mpya, ndio maana uwezekano wa ganzi ya kudumu unapanda. Vyuma vya zamani vinatakiwa kutolewa na vingine mfupa umeshavifunika. Pakiwa na pengo unaweza kuhitaji kupandikizwa mfupa, mara nyingi wa nyonga, na nyonga nayo itauma wiki kadhaa. Oparesheni inakuwa ndefu zaidi.

Pamoja na hayo yote, kuna watu marudio yamewapa maisha, waliokuwa hawawezi kukata chakula na meno ya mbele sasa wanakata, waliokuwa wanakatika pumzi usiku sasa wanalala. Tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba sababu yao ilijulikana na lengo lao lilikuwa linapimika.

Hatua ya 8: Moyo wako nao upimwe

Uso ukibadilika, ubongo unachukua muda kukubali kwamba yule kwenye kioo ni wewe, hata kama matokeo ni mazuri. Wiki za mwanzo huzuni ni kawaida sana, usingizi mbovu, chakula hakiliki vizuri, dawa, ganzi, kuonekana mgeni kwa watu wako. Hiyo mara nyingi inapita.

Ila ukijikuta unajiangalia kwenye kioo masaa, unapima uso kwa rula, umeacha kutoka, unaangalia picha za zamani usiku kucha, au watu watatu unaowaamini hawaioni kabisa hiyo kasoro, tafadhali muone mshauri wa afya ya akili kabla ya kupanga tarehe. Simaanishi unaigiza, maumivu yako ni ya kweli. Kuna hali ambayo akili inang'ang'ania kasoro ndogo ya mwili na kuikuza, na mtu mwenye nayo mara chache anatulia kwa upasuaji, anatulia kwa tiba ya mazungumzo na dawa. Na ukifikia mawazo ya kujidhuru, hilo ni la dharura kama kutokwa damu, mwambie mtu sasa hivi na uende hospitali.

Hatua ya 9: Ukishaamua kufanya

Acha sigara, shisha na nikotini ya aina yoyote wiki kadhaa kabla na baada, daktari atakupa muda wake. Pima damu, pima vitamini D, safisha meno, ziba yaliyotoboka, magego ya mwisho kama yapo uliza yatolewe lini. Mwambie daktari wa dawa ya usingizi kila kitu kilichotokea mara ya kwanza, ulivyoamka, ulivyotapika, bomba la puani lilivyosumbua. Mkubaliane kwa maandishi malengo kwa mpangilio, la kwanza ni lipi na lipi ukilikosa utavumilia. Ganzi ulizonazo ziandikwe kabla, ili baadaye ijulikane mpya ni ipi.

Muombe daktari picha ipigwe siku za mwanzo kabisa baada ya upasuaji na upewe nakala. Jifunze kabla hujatoka hospitali raba zinakaa meno gani na gani, na jinsi meno yako yanavyotakiwa kukutana, piga picha ya hayo meno siku unayoruhusiwa. Kila asubuhi ya wiki mbili za kwanza jiangalie kwenye kioo ulinganishe na hiyo picha, na ukiona mstari wa katikati ya meno umehama au meno ya mbele yameachia, usisubiri siku ya kliniki, piga simu asubuhi hiyo hiyo.